Udongo wa Sanduku la Nabintu

Nabintu na mume wake Bisimwa wanaishi Salamabila, mji mdogo wa machimbo ya dhahabu. Walitoka upande wa Bukavu kutafuta maisha. Bisimwa anachimba dhahabu. Nabintu anakaanga mikate na kuiuza mbele ya nyumba. Wakati wa habari hii walikuwa na mtoto mmoja, Sarah-Grâce, ambaye alikuwa bado mdogo lakini hakuishiwa maswali. Wakati huo Nabintu alikuwa na mimba ya mtoto wa pili.

Mboga za soko la Salamabila zinatoka mbali, kwa pikipiki. Njia ni mbaya. Mvua ikinyesha sana, pikipiki zinakwama kwenye matope na mboga zinafika zimenyauka. Siku nyingine hazifiki kabisa.

Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia Nabintu, "Mama, damu yako iko kidogo. Kunywa dawa nilizokupa, na kula mboga za majani kila siku. Lengalenga, sombe, matembele."

Nabintu aliitika. Lakini njiani alijiuliza atazipata wapi.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kiwanja kidogo. Ardhi ilikuwa nyekundu na ngumu. Jembe liliigonga na kuruka. Tena, mvua ikinyesha, maji ya mlimani yalipita pale pale na kusomba kila mbegu.

"Hapa chini hatuwezi," Bisimwa alisema. "Tuinue bustani. Nitatengeneza sanduku ya mbao. Tutaijaza, na wewe utapanda ndani."

Aliomba vipande vya mbao kwa mafundi, akatengeneza sanduku refu lisilo na chini, lililofika magotini. Nabintu naye alikata mabidoni mawili, yale madumu yaliyokuwa na mafuta ya mawese, ili apande pilipili.

Likabaki jambo la kujaza. Karibu na mto, mahali wachimbaji wanapooshea dhahabu, kulikuwa na vilima vya mchanga laini. Hakuna mtu aliyeutaka. Bisimwa alijaza magunia na kuyasukuma kwa baiskeli kila jioni, mpaka mabega yakamuuma. Sanduku likajaa. Mabidoni yakajaa.

Nabintu alipanda lengalenga na tomati. Mbegu ziliota. Kisha majani yakawa ya manjano. Alimwagilia asubuhi, na mchana mchanga ulikuwa umekauka. Katika mabidoni mambo yalikuwa kinyume. Maji yalikosa pa kutokea, na mizizi ya pilipili ikaoza.

Jirani yao aliitwa Amisa, mke wa mwenye duka. Alizaliwa Kasongo, katika familia ya Waislamu waliolima mboga na kuziuza sokoni. Siku moja alikuja kununua mikate, akazunguka nyuma ya nyumba na kuliona sanduku.

"Mama Sarah, huu muchanga mulitoa wapi?" aliuliza.

"Kule wanaosha dhahabu, Mama Amisa. Baba Sarah aliuleta."

Amisa aliinama kuutazama mchanga. Kisha akasema, "Muchanga ule uliisha kuoshwa mara nyingi. Hauna chakula cha mumea. Lakini hiyo si shida kubwa. Shida kubwa ni merkire."

Merkire ni zebaki, ile dawa ya rangi ya fedha inayotembea kama maji. Wachimbaji wanaitumia kushika dhahabu iliyo katika mchanga. Baadaye wanaichoma, na dhahabu inabaki.

"Merkire nyingine inabaki ndani ya muchanga," Amisa aliendelea. "Huioni. Ukipanda mboga humo, inaweza kuingia katika mboga. Watu wa afya walitufundisha. Inaumiza mutoto tumboni, hata kama mama anajisikia muzima. Na ule moshi wakati wanachoma ni mubaya kupita yote."

Nabintu alishika tumbo lake. Bisimwa alikuwa akichoma dhahabu yake jikoni, kwenye mbabula, jiko lile lile la makaa wanalopikia.

Jioni hiyo alimwambia mume wake. Bisimwa hakupenda.

"Mimi nashika merkire kila siku," alisema. "Niko muzima. Sasa nitupe muchanga wote niliobeba?"

"Sisemi hukufanya kazi," Nabintu alijibu. "Nasema sitakula mboga ya humo."

Asubuhi Nabintu alichukua beseni na koleo, akaanza kuutoa mchanga peke yake. Bisimwa alitoka nje akasimama, amekunja mikono. Nabintu aliinama taratibu, kwa sababu ya tumbo.

Upande wa pili wa sanduku, Sarah-Grâce alikuwa anacheza. Alikuwa amejaza mchanga katika kikopo, akaumwagia maji na kuukoroga kwa kijiti.

"Baba, bugali imeiva," alisema. Akachovya kidole, akakilamba.

Bisimwa alimnyanyua mtoto. Alimwosha mikono na mdomo kwa maji na sabuni, akarudia tena. Kisha alikwenda kwa mke wake, akachukua koleo mkononi mwake.

"Kaa," alisema. "Hii kazi ni yangu."

Aling'oa mimea iliyobaki, asiwape hata mbuzi. Mchanga aliurudisha kwenye vilima ulikotoka, mbali na mahali watu wanapochota maji. Mbao alizisugua na kuziosha. Kisha akaenda kwa Amisa.

"Mama, sasa sanduku tuijaze namna gani?"

"Kwanza sanduku isikae karibu na jiko lenu," Amisa alisema. "Mulichomea dhahabu pale. Iwekeni huku, karibu na ua wangu. Na mubabula ile musipikie tena."

Bisimwa alilihamisha sanduku. Amisa akamwambia alegeze ardhi ya chini kwa jembe, ili maji ya mvua yapate pa kushukia. Juu yake waliweka vipande vya mgomba, mabua ya mahindi na majani makavu.

"Vitu hivi vikubwa vinakaa chini," Amisa alieleza. "Vinaoza polepole, vinashika maji. Tena vinakupunguzia udongo wa kubeba."

Udongo waliufuata juu ya mlima, kwenye shamba lililolala muda mrefu, ambako hakuna aliyewahi kuchimba wala kuosha dhahabu. Mwenye shamba aliwaruhusu. Walichukua ule mweusi wa juu tu. Amisa alimwambia Nabintu afinye kidogo katika ngumi. Udongo ulishikana, na alipougusa kwa kidole ukavunjika.

"Ndio huo," Amisa alisema. "Ukibaki donge gumu, ni udongo wa matofali. Ukikataa kushikana, ni muchanga mutupu."

Mbolea ilitoka katika zizi la mbuzi wa Amisa. Bisimwa alitaka kuchota ile mpya, maana ilikuwa karibu. Amisa alimzuia.

"Hiyo bado ina moto, itaunguza mizizi. Chota ile ya zamani, ile haina harufu."

Walichanganya mabeseni mawili ya udongo na beseni moja la mbolea, wakarudia hivyo mpaka sanduku likajaa. Juu waliacha nafasi ya vidole vinne, ili maji yasimwagike nje. Mabidoni waliyaosha na kuyatoboa chini, wakayajaza mchanganyiko ule ule.

Baada ya mvua kubwa, Bisimwa aliona sanduku limepungua.

"Mutu ameiba udongo wetu," alisema.

Amisa alicheka. "Hakuna mwizi. Vitu vya chini vinaoza, udongo unashuka. Ongeza mwingine."

Aliongeza. Nabintu akapanda, akafunika kwa majani makavu ili jua lisikaushe udongo. Safari hii lengalenga ilitoka na kusimama.

Bisimwa hakuleta tena merkire nyumbani. Nguo zake za kazi alizivua nje. Wenzake walimcheka mwanzoni. Lakini wengine wawili nao waliacha kuchomea jikoni, kisha wakaanza kuzungumza na wakubwa wa machimbo juu ya kutafuta mahali pamoja pa kuchomea, mbali na nyumba za watu.

Kisha njia ikakatika kwa mvua. Sokoni meza za mboga zikawa tupu. Nabintu alikata lengalenga, juu tu, ili ichipuke tena. Aliosha majani, akapika na mawese na kitunguu. Sahani moja alimpelekea Amisa, kwa mikono miwili.

Bisimwa alikula, akaongeza bugali, akaongeza mboga. Alipomaliza alitoka nje na mpini wa jembe, akaanza kupima ardhi kando ya sanduku.

"Unafanya nini?" Nabintu alimuuliza kutoka mlangoni.

"Sanduku moja haitoshi," alisema. "Sasa tutakuwa wanne."