Mlango wa Wenye Aibu

Jumanne, tarehe nne Novemba, saa kumi na dakika kumi jioni, mtu alibisha hodi ndani ya ukuta wa chumba cha kusomea.

Alibisha mara tatu, kwa adabu, akangoja.

Bryony Ashdown alikuwa amepiga magoti, anapima nafasi ya rafu za vitabu. Aliujua unene wa ukuta ule: sentimita arobaini na tisa. Alijua pia kwamba wiki tatu nyuma haukuwa ukuta. Ulikuwa mlango.

“Mabomba hayo,” alisema Bi Lorna Pickersgill, mwenye nyumba, akiingia na sinia la chai. “Nyumba kongwe, mwanangu. Kila kitu kinaguna. Hata mume wangu, Clive.”

Alicheka, lakini hakuukaribia ukuta.

Nyumba ile ilikuwa ya makasisi tangu 1841, mpaka Kanisa lilipoiuza. Kasisi aliyeijenga aliipa milango miwili ya kuingilia. Wa mbele ulikuwa wa familia na wageni wa heshima. Wa pembeni, nyuma ya ua wa miti, uliingia kwenye kijichumba chenye benchi moja, na kutoka hapo moja kwa moja kwa kasisi, katika chumba hiki cha kusomea. Ulikuwa wa waumini wenye la kuficha: binti aliyepata mimba, mlevi, mjane aliyekosa pesa za jeneza. Walipita bila kuonwa na mke wa kasisi wala watumishi.

Nyumba ya namna hii haiguswi bila kibali cha halmashauri, na kibali hakitoki bila taarifa ya mtaalamu wa majengo ya kale. Mtaalamu alikuwa Bryony, miaka ishirini na sita, kazi yake ya kwanza peke yake. Alikiona kizingiti cha jiwe, kimebonyea katikati kama kijiko kwa nyayo za watu. Aliuona mnyororo wa kengele. Alipiga picha tatu. Kisha Bi Lorna akamkatia kipande cha pili cha keki ya limau, akasema, “Mlango tu huo, mpenzi. Baridi yote inapitia hapo. Usituangushe.” Na Bryony, ambaye tangu utotoni alikuwa radhi ale chakula kibichi kuliko kumwambia mwenyeji hapana, akaandika kwamba mlango uliwekwa mwaka 1950 hivi na hauna thamani yoyote ya kihistoria. Zile picha tatu hakuziambatisha. Halmashauri ikaruhusu. Mwashi akaja na matofali, na Bryony akaombwa arudi kupima rafu.

Hodi ikarudi. Mara tatu.

“Usiitikie,” Bi Lorna alinong’ona. Sinia alikuwa ameliweka sakafuni. “Nakuomba. Mimi nilikosea.”

“Ulifanyaje?”

“Leo siku ya nane. Mwanzo alikuwa anabisha tu. Ijumaa nilikuwa nasoma barua, mawazo yangu yako mbali, nikasema, ‘Ingia.’ Mdomo umezoea! Akauliza kama kasisi yupo.”

“Ukamjibuje?”

“Ningemjibuje? Nilisema samahani, angoje kidogo.” Machozi yalikuwa yanamlenga. “Basi anangoja. Ijumaa alikaa kwenye kiti hicho. Jumapili, ukumbini. Jana alikuwa ngazini, hatua nne tu kutoka chumbani kwetu. Kila jioni anabisha upya, halafu anasogea mbele. Clive amehamia kwa dada yake. Anasema ana mafua.”

Bi Lorna alikuwa amekwisha kumwita kasisi wa sasa, Mchungaji Hilary Stubbs, aliyefika saa kumi na moja na koti linalochuruzika. “Nyumba niliyopewa mimi iko nyuma ya kituo cha mafuta,” alisema akivua viatu. “Haina mzuka. Haina hata kabati.” Bryony alihamia kwenye kochi. Mchungaji alinyunyiza maji, akaanza sala.

Ndipo ikaja harufu, ya sufu iliyolowa na mshumaa uliozimwa sasa hivi, na kutoka chini ya ukuta, mahali ambapo hapakuwa na ufa hata wa kupitisha wembe, zikatokea nyayo za maji, nyembamba, za viatu vya soli ya misumari, moja, kisha nyingine, zikipita kando ya zulia kama mtu anayeogopa kulichafua, zikalizunguka sinia la chai, zikasimama mbele ya Mchungaji, na Mchungaji akakatiza sala katikati, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtu mfupi.

Kisha akainua kichwa.

“Siwezi kumfukuza mtu aliyekuja kumwona kasisi,” alisema mwishowe. “Nimemuuliza ana shida gani. Anaona aibu kusema mbele za watu. Anautaka mlango wake. Bila huo, atazidi kuingia ndani.” Akageuka. “Nani alisema mlango ule uzibwe?”

“Halmashauri waliruhusu,” alisema Bi Lorna. “Bryony aliandika haukuwa na thamani. Sivyo, mpenzi?”

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Bryony aliiona wazi, kama alivyokiona kile kizingiti. Aliona na kitakachofuata: kufukuzwa kazi, jina kufutwa, walimu wake kusikia.

“Ndivyo,” akasema.

Nyayo ziligeuka. Zilimjia bila haraka, na kochi alilokaa likabonyea upande wake wa kushoto, na upindo wa sketi nzito, baridi, uliojaa maji, ukamgusa kifundo cha mguu, na sauti ya msichana, ya chini, isiyo na hasira yoyote, ikamwuliza sikioni:

“Na wewe unamngoja kasisi?”

Asubuhi yake, saa tatu kamili, Bryony alikuwa kwenye ofisi ya halmashauri na bahasha yenye picha tatu.

“Una miadi?” aliuliza karani.

“Sina. Nina jambo la kusema kuhusu taarifa yangu.” Watu wawili kwenye foleni walimtazama. “Lakini si hapa, mbele za watu.”

“Basi ngoja pale, dada. Utaitwa.”

Palikuwa na benchi moja, ukutani. Bryony alikaa katikati. Baada ya kitambo alisikia harufu ya sufu iliyolowa, na siku ile mvua haikunyesha.

Akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja.