Mtu wa Nne

"Bujiku ni nani?"

Anisia alifumbua macho. Mumewe, Telesphori, alikuwa amesimama mlangoni, jembe begani. Alikuwa amerudi kutoka shambani kuchukua maji ya kunywa, akamkuta mkewe ameketi mkekani, mgongo wima, akitaja jina la mwanamume.

"Nimekuuliza, Mama Limi. Nimesikia kwa masikio yangu. 'Bujiku awe salama, Bujiku awe na amani.' Ni nani huyo?"

"Karani wa mizani. Yule anayepima pamba yetu."

"Unamwombea wewe kama nani wake?"

"Siombi, ni zoezi." Anisia alikuwa amechoka hata kukasirika. "Nilipokwenda zahanati kwa sababu ya kichwa na kukosa usingizi, yule daktari wa Sri Lanka hakunipa vidonge. Alisema akili nayo hufanyishwa mazoezi, kama mguu uliovunjika unavyofundishwa kutembea. Kila siku nikae kimya, niwatakie mema watu wanne. Wa kwanza mimi mwenyewe. Wa pili mtu ninayempenda. Wa tatu mtu nisiyempenda wala kumchukia. Huyo ndiye Bujiku. Hata kwake sipajui."

Telesphori alishusha jembe, nusura acheke.

"Basi wa pili ni mimi."

"Wa pili ni mama yangu."

"Na mimi?"

"Wewe ni wa nne. Mtu aliyeniumiza."

Ilikuwa mwaka 1977, pale Ushirombo. Mwaka mmoja na nusu nyuma, binti yao Limi, wa miaka mitatu, alishikwa na surua. Telesphori alikuwa Nyarugusu akichimba dhahabu. Anisia alimpelekea telegramu: LIMI MGONJWA SANA RUDI UPESI. Alifika siku ya tatu baada ya mazishi, akasema telegramu ilichelewa kumfikia. Tangu hapo Anisia alimpikia, akamfulia, akalima naye bega kwa bega. Maneno yao yakabaki ya chumvi imekwisha na mbuzi amekata kamba.

"Ukifika kwangu unasemaje?" Telesphori aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijaweza. Wiki sita sasa. Nikifika jina lako nakunja mkeka. Halafu najilaumu. Najiambia, kosa lake nini, telegramu si ilichelewa? Mwenye roho mbaya ni mimi."

Telesphori aliketi kizingitini.

"Haikuchelewa."

"Unasema?"

"Niliipata Jumanne. Duara letu, lile shimo tulilokuwa tukichimba, lilikuwa limegusa mwamba wenye dhahabu. Wenzangu wakaniambia, ukiondoka leo fungu lako limepotea. Nikajipa moyo, surua huwapata watoto wote na wanapona. Nikangoja mpaka Jumamosi."

"Limi alikufa Alhamisi," Anisia alisema. "Jumatano alikuita kutwa nzima."

Hakupiga kelele. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akapitia zahanati.

"Daktari, zoezi lako limenivunjia nyumba."

"Pole sana, mama," alijibu kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno. "Mtu wa nne acha kwanza. Rudi wa kwanza. Kukaa na yeye au kutokukaa, zoezi haliamui. Wewe utaamua."

Akapanda lori hadi Masumbwe, kwa baba yake, Mzee Masele. Miezi miwili alikuwa na mtu mmoja tu: "Anisia awe salama. Anisia awe na amani." Siku nyingine maneno yalikuwa makavu kama pumba. Siku nyingine alilala mpaka jua likamkuta kitandani. Wiki ya tisa alimrudisha mama yake kwenye zoezi, kisha Bujiku. Ndipo ikaja barua:

"Mke wangu Anisia, sikuombi urudi. Jumapili nitakuja kumwambia baba ukweli kwa mdomo wangu."

Alikuja kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

"Nikishasema ndipo nikae, baba, kama utanikaribisha tena."

Alisema yote: Jumanne, duara, uongo. Mzee Masele alimsikiliza hadi mwisho, chai ikapoa mbele yake.

"Ungekuwa mwanangu ningekuchapa, na uzee huu," alisema mwishowe. "Lakini mwenye kidonda yuko hapa. Anisia?"

Anisia alimtazama mumewe. Alikuwa amekonda, shati amelifunga vifungo upande.

"Leo asubuhi nimelitaja jina lako mpaka mwisho," alimwambia. "Telesphori awe na amani. Halafu nikalia. Tangu mazishi nilikuwa sijalia."

"Umenisamehe?"

"Sijui. Ninachojua, nimechoka kukuchukia. Ni kazi nzito kuliko kulima."

"Nyarugusu sirudi tena, Anisia."

"Nyarugusu hata ukirudi, rudi. Lakini uongo mwingine mmoja tu, hutaniona."

"Sitakudanganya."

"Haya, kaa basi. Chai ipashwe moto."

Kesho yake Anisia alipanda nyuma ya baiskeli ya mumewe. Kwenye vilima walishuka wakasukuma pamoja. Njiani Anisia alimsimulia ile Jumatano, saa kwa saa: uji alioukataa Limi, kitambaa cha maji baridi, jinsi alivyouliza baba atakuja na nini. Telesphori alilia huku anasukuma, wala hakumkatiza. Kisha akauliza Limi alikuwa ameanza kusema maneno gani mapya miezi ile aliyokuwa hayupo. Anisia akaanza kuyataja, moja baada ya jingine, na walipoingia Ushirombo jua likizama, alikuwa bado hajayamaliza.