Taji la Mnyoo

Kila akitoka shule, Kiherehere alipitia kazini kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa mtunzaji wa viumbe katika nyumba ya maonyesho ya bahari, akishinda kati ya matangi ya vioo, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Kazi ya Kiherehere ilikuwa kufuta vioo kwa nje. Jina hilo alipewa nyumbani, na wala hawakumsingizia.

Tangi alilolipenda kuliko yote lilikuwa la minyoo wa baharini. Kila mnyoo alijijengea mrija juu ya mawe kwa ute wake na mchanga, akaishi humo. Juu alichanua taji laini kama manyoya, na kwa taji hilo alivuta pumzi na kunasa chakula kinachoelea majini. Kivuli kikipita tu, fyuu! Anajificha mrijani.

"Hawa ni waoga kuliko mimi nikiona sindano," fundi wa pampu alipenda kutania.

Siku moja shangazi alikwenda stoo. Kiherehere akapitisha kiganja mbele ya kioo; minyoo wakajificha. Wakachanua, akawatisha tena. Mchezo ukamnogea. Mwisho akakunja mkono wa sare, akautumbukiza majini na kumbana yule mkubwa kuliko wote kwa vidole. Mnyoo alijivuta ndani. Alipochomoza, akambana tena, na tena. Mara taji likakatika, likaelea juu ya maji kama ua lililochumwa.

Akaliopoa haraka, akalitupa kwenye pipa la taka.

Shangazi aliporudi, alisimama mbele ya tangi. "Wee fundi, hebu njoo! Huyu mbona amekuwa kipara? Asubuhi alikuwa mzima, wala hakuna aliyemsumbua."

Fundi akainama, akatikisa kichwa. "Isije ikawa ugonjwa, dada. Tusipolimwaga tangi hili leo, utaingia na kwenye mengine."

"Na minyoo je?" Kiherehere aliuliza.

"Mawe tutayaanika juani na minyoo yao, mwanangu," shangazi alijibu kwa huzuni. "Hatuna namna nyingine."

Fundi akafungua bomba la chini. Maji yakaanza kushuka, na mataji yakawa yanajificha moja baada ya jingine. Kiherehere alishika kitambaa chake kwa nguvu. Akisema, huenda asikanyage tena humu ndani. Asiposema, wote wale watakaukia juani.

"Shangazi, mwambie afunge! Si ugonjwa. Ni mimi!"

Fundi alifunga bomba upesi. Kiherehere akaeleza yote huku machozi yakimtiririka, mpaka habari ya pipa la taka.

"Lo! Nusura tuteketeze ukoo mzima," fundi alisema, akikaa juu ya ndoo.

Shangazi hakupiga kelele. Alichukua tochi, akammulika mnyoo mdomoni mwa mrija. Ndani kabisa, kitu laini kilijikunja.

"Yu hai," alisema. "Mnyoo huyu akisumbuliwa sana hulitupa taji lake. Akiachwa atulie, ataotesha jingine."

"Kweli, shangazi?"

"Kweli. Lakini kwa sasa anapumua kwa shida na kula kwa shida, kwa sababu yako."

Tangu hapo Kiherehere alikatazwa kuingiza hata kidole majini. Alifuta vioo polepole, akijihadhari hata kivuli chake kisimwangukie yule mgonjwa. Wiki zikapita, hadi siku alipomwita shangazi kwa mnong'ono. Mdomoni mwa mrija palikuwa na kitaji kidogo, cheupe, kikitetemeka majini.

Shangazi alimwekea mkono begani. "Mchezo wako ulimuumiza mmoja, mwanangu. Ungenyamaza, wangekufa wote, nami nisingejua kwamba nimewaua bure. Uliogopa, na bado ukasema. Siku nyingine ukikosea, njoo uniambie kabla hatujafungua bomba."

"Nitakuja mbio, shangazi."

"Njoo hata kwa kutambaa," shangazi alicheka, "ila njoo."