Santuri Nilizochemsha

Nilichemsha sauti ya mume wangu kwenye sufuria.

Msishtuke, wajukuu zangu wa mtandaoni. Nyanya yenu Warigia hajarukwa na akili. Ila kwanza nawatega...

Ninacho tangu nizaliwe, watu wote wanakijua, mimi nikikutana nacho njiani sikijui.

Shikilieni jibu.

Mwaka wa 1978 tulikaa Kaloleni. Phares wangu alikuwa fundi wa reli, wikendi anapiga gitaa la besi. Bendi yao ikatoa albamu ya soul na funk, nakala chache tu. Akaleta katoni nzima nyumbani, anacheka peke yake.

Nikaweka moja kwa gramafoni ya jirani. Wimbo wa kwanza tu, chini ya besi, mwanamke anaimba la-la-la... ametulia kama aliye kwake!

Nikainua sindano.

"Huyu ni nani, Phares?"

"Si wewe ndiye mama wa vitendawili? Tegua."

Nikatupa nguo zake nje, mtaa ukitazama. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Akaenda Kisumu na bendi, akidhani hasira zitapoa. Nimonia ikamchukua huko huko.

Nilimzika kabla sijamsamehe.

Siku hizo akina mama tuligeuza santuri kuukuu kuwa bakuli za maua. Unaitumbukiza kwa maji moto, ikilegea unaikunja juu ya kopo. Basi nikachemsha katoni yote. Nikagawia majirani.

Asenath akazaliwa. Alipoanza shule akaniuliza baba yake alikuwa na sauti gani.

Nikaona angalau asikie gitaa lake, nikatoka kutafuta santuri.

Nilitafuta hata moja nzima, kutoka Majengo hadi Eastleigh. Wauza santuri wakanicheka, eti bendi gani hiyo, mama? Kwangu kulibaki bakuli moja dirishani, jina la Phares limepinda kwenye lebo.

Halafu, mwaka wa 1986, Makokha akabisha hodi. Ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wao. Alikuwa anahamia Umoja, akakuta santuri moja chini ya sanduku.

"Shemeji, imebaki hii tu."

Tukaiweka. Yule mwanamke akaanza... Nikakaza meno, nikasema leo navumilia, mtoto amsikie babake.

Asenath alikuwa ananitazama mdomoni.

"Mama, unaimbaje na mdomo umeufunga?"

Nikamwambia si mimi. Makokha akanigeukia taratibu.

"Shemeji, kwani hukujua? Phares aliweka kinasa sauti dirishani ukifua nguo huku unaimba, tukaitia sauti yako kwenye wimbo. Alituambia utajitambua mwenyewe."

Miaka minane, wajukuu zangu! Miaka minane namchukia mwanamke, kumbe ni mimi!

Safari hii sikugusa sindano. Nyimbo zikaisha, ikabaki mikwaruzo. Nikadhani ndio mwisho.

Mtu akacheka, karibu kabisa na maikrofoni.

"Warigia... umetegua?"

Asenath akakimbia kuangalia nyuma ya spika.

Sasa jibu mnalo: ni sauti yako mwenyewe. Na ukikasirikia mtu wako, sikiliza mpaka upande wa santuri uishe, ndipo uweke maji motoni. Mimi niliinua sindano mapema.

Mpaka leo nikifua naimba.

Nikinyamaza, nageuka kutazama dirishani.