Ramani ya Kaya ya Manyanda

Katika kijiji cha Kakese, karibu na Mpanda, asubuhi huanza na ng'ombe. Kwa Manyanda ilikuwa hivyo hivyo. Jua likichomoza, yeye alifungua zizi. Mkewe, Nyanzala, alikamua maziwa, kisha akashuka kisimani na ndoo yake. Kisima hakikuwa mbali. Kilikuwa chini ya zizi, kwenye majani mabichi.

Manyanda alijivunia kisima hicho kuliko ng'ombe wake. Yeye na familia yake walihamia Mpanda kutoka Shinyanga, kwenye nchi kame. Kule kwao mtu anayetafuta maji huteremka mpaka mahali pa chini kabisa, na hapo ndipo huchimba. Zizi huliweka juu, ng'ombe wasilale kwenye tope. Alipofika Kakese alifanya vile vile. Alitafuta kibonde, akachimba, na maji yakatoka kabla shimo halijamfika shingoni. Siku ile alicheka peke yake kama mtu aliyeokota pesa. Hakujua kwamba mvua ya Mpanda si mvua ya Shinyanga.

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua ilianza kunyesha, na ni kama ilisahau kuacha. Watu waliiita El Nino. Mahindi yalioza shambani. Njia zikawa tope tupu. Ndipo Enoka, mtoto wa kwanza wa Manyanda, akaanza kuharisha. Alikuwa na miaka sita. Walimpa dawa za majani, wakangoja. Walipoona macho yameingia ndani, walimpeleka zahanati. Manyanda aliendesha baiskeli. Nyanzala alikaa nyuma, mtoto mgongoni. Enoka alikata roho njiani. Nyanzala alijua, lakini hakusema neno mpaka walipofika.

Walimzika nyumbani, karibu na nyumba. Baada ya msiba, mdogo wake Kabula naye akaanza kuharisha. Safari hii hawakungoja. Muuguzi aliwaonyesha jinsi ya kuchanganya maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi, wamnyweshe kidogo kidogo. Kabula akapona. Baada ya wiki chache akaugua tena.

Manyanda akaanza kutazama kwa jirani.

Upande wa juu wa zizi lake aliishi bibi mmoja wa kabila la Wapimbwe, jina lake Natalia. Alikuwa mjane, analea wajukuu. Alikuwa na kisima chake mwenyewe, alichochimba marehemu mumewe. Kilikuwa kirefu, na kuvuta maji yake kulichosha mikono. Nyanzala aliwahi kumwonea huruma kwa kazi hiyo. Lakini wajukuu wa Natalia walipita kipindi chote cha mvua bila kuugua.

"Mbona wa kwake hawaugui?" Manyanda aliuliza nyumbani.

Aliuliza tena kilabuni. Akauliza na sokoni. Lilikuwa swali zuri sana, kama angelitafutia jibu. Lakini yeye jibu alikuwa nalo tayari, kwamba Natalia ni mchawi, na wale waliomsikiliza walilichukua hivyo hivyo. Watu wakaacha kumsalimia Natalia. Siku moja alirudi kutoka shambani, akakuta jiko lake limeungua, limebaki majivu. Manyanda hakuwasha moto ule. Ila hakuuliza ni nani aliyeuwasha, na moyoni alijua kwa nini haulizi.

Natalia hakugombana na mtu. Alifunga mizigo, akawashika wajukuu mkono, akaenda kwa kaka yake huko Mpimbwe.

Manyanda alidhani mambo yamekwisha. Kumbe hata mwezi haukupita. Kabula akaugua tena, na safari hii alishindwa hata kukaa. Nyanzala alimbeba, akasimama mlangoni mbele ya mumewe. Nyanzala alikuwa mtu wa maneno machache.

"Natalia ameondoka," alisema. "Mtoto bado anaharisha. Sasa tumfukuze nani?"

Manyanda alichukua baiskeli.

Zahanati walimpa Kabula maji ya dripu. Muuguzi aliwauliza wanakunywa maji gani, na kisima kiko wapi, na zizi liko wapi. Manyanda alijibu kwamba vyote viko karibu, tena mteremko wa kwao ni mdogo mno, ni kama tambarare. Muuguzi akawaambia wachemshe kila tone la maji kuanzia siku hiyo. Kisha akawaelekeza kwa Skolastika, fundi wa maji anayekaa Kawajense, Mpanda mjini.

Skolastika alikuwa mama wa makamo, mpole, ila akishika kazi haachi. Alikuja Kakese na mpira mrefu wa maji, ule wa plastiki unaoonyesha ndani. Aliujaza maji, akafunga ncha zake kwenye fito mbili zenye alama. Akaeleza kwamba maji ndani ya mpira hukaa usawa mmoja siku zote. Ufito mmoja ukisimama mahali pa juu na mwingine mahali pa chini, maji yataonyesha tofauti, hata ikiwa ndogo kiasi gani.

"Macho yangu hayatoshi?" Manyanda aliuliza.

"Hayatoshi, baba Enoka. Hata yangu hayatoshi. Ndiyo maana natembea na mpira."

Kuitwa kwa jina la mtoto wake kulimchoma. Akashika ufito.

Walipima siku nzima, wakitumia kamba ili nafasi kati ya pointi na pointi ilingane. Walipima zizi, choo, nyumba na kisima. Walipima pia kwa Natalia, penye majivu na kile kisima kirefu. Pale Manyanda alitazama pembeni. Skolastika aliandika kila kimo, akawaambia waje kwake Jumamosi.

Jumamosi walimwacha Kabula kwa shangazi yake, wakaenda. Sebuleni kwa Skolastika kulikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Aliinunua mradi mmoja wa barabara ulipofunga kazi. Walisubiri umeme urudi, wakinywa chai. Uliporudi, mashine ilinguruma na kioo kikawaka. Skolastika akafungua programu ya kuchora ramani za miinuko.

Kwanza aliwaonyesha ramani ya wilaya aliyoinakili kwenye mashine kutoka kwenye karatasi. Ilijaa mistari iliyopindapinda. Akawaeleza kwamba kila mstari hupita mahali penye kimo kimoja. Ukiufuata mstari mmoja kwa miguu, hupandi wala hushuki. Mistari ikibanana, hapo ni mlima mkali. Ikiachana, hapo ni karibu tambarare. Kwenye Kakese mistari ilikuwa michache mno, na palipokuwa na kaya ya Manyanda hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Si nilisema? Tambarare," Manyanda alisema.

"Subiri. Kutoka mstari mmoja hadi mwingine hapa ni mita ishirini, urefu wa mti mkubwa. Ramani hii inajali milima. Mteremko wa kwako ni mdogo, unapotea katikati. Kompyuta haijui chochote, baba Enoka. Inachora kile tulichoilisha. Sasa tuilishe vipimo vyetu."

Akaingiza namba moja moja kwa kubonyeza kibodi. Nyanzala alisogeza kiti karibu. Skolastika alipomaliza, aliiambia mashine mstari uchorwe kwa kila nusu mita. Mashine ilifikiri kwa muda mrefu. Kisha mstari ukatokea, na mwingine, na mwingine, mpaka pale palipokuwa peupe pakajaa. Skolastika akaandika majina: kwa Natalia, choo, zizi, kisima.

Kwa Natalia palikuwa juu kabisa. Chini yake palikuwa na choo cha Manyanda, halafu zizi. Mistari yote ilipinda kuelekea mahali pamoja, na mahali hapo ndipo palipokuwa na kisima.

Skolastika akabonyeza tena. Mistari ikageuka kuwa picha kama wavu uliotandikwa juu ya ardhi na kutazamwa kutoka ubavuni. Sasa hata mtoto angeona. Kaya nzima ilikuwa imeinama upande mmoja.

Nyanzala alifuata mteremko kwa kidole, kutoka zizini hadi kisimani, akarudia tena. Kisha akauliza kwa sauti ndogo Enoka amelala wapi kwenye ramani hiyo. Skolastika alitafuta nyumba, akaweka nukta pembeni yake. Hakuandika jina.

"Kwa hiyo tulimnywesha wenyewe," Nyanzala alisema.

Skolastika hakumdanganya kwamba sivyo. Alisema tu kwamba hawakujua, na kwamba Kabula bado yuko. Manyanda hakutaka kuamini. Alisema mashine inaweza kukosea. Skolastika alikubali kwamba inaweza, kama vipimo vina makosa. Akamwambia mvua ikinyesha atoke nje, asimame zizini, atazame maji yanakwenda wapi.

Mvua ilinyesha keshokutwa yake. Wanaume wengi mvua ikinyesha hukaa ndani, na Manyanda alikuwa mmoja wao. Siku hiyo alitoka. Alisimama langoni mwa zizi, amelowa chapachapa. Maji ya rangi ya samadi yalipita kati ya miguu yake, yakajificha kwenye majani. Aliyafuata kwa kuinama, akiyapekua majani kwa mikono. Yalitokea kwenye mdomo wa kisima, yakaingia polepole. Manyanda alikaa kwenye tope, akalia.

Baada ya hapo hakubishana tena. Alifukia kisima kile kwa mikono yake mwenyewe. Skolastika aliwaonyesha kwenye ramani mahali pa kuchimba kipya: juu ya zizi na choo, si chini yake, na mbali navyo kwa hatua kubwa hamsini au zaidi. Huko juu maji yalikuwa chini sana. Walichimba wiki nyingi, wakijenga ukuta wa matofali ndani. Juu waliweka mfuniko, na kando wakachimba mfereji wa kupitisha maji ya mvua mbali. Hata hivyo Nyanzala aliendelea kuchemsha maji ya kunywa.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja na kuondoka. Kabula hakuugua. Alinenepa, akaanza kukimbiza ndama. Kaya nyingine zikamwita Skolastika na mpira wake. Kwenye mkutano wa kijiji Manyanda alisimama, akasema mbele ya wote kwamba mchawi wa Kakese alikuwa samadi ya ng'ombe wake mwenyewe. Watu wengine waliinamisha vichwa. Wajukuu wa Natalia hawakuugua kwa sababu kisima chao kilikuwa juu. Jibu lilikuwa pale pale siku zote.

Kiangazi kilipofika, Skolastika alimchapia ramani ile kwenye karatasi. Manyanda akapanda baiskeli, akaenda Mpimbwe.

Alimkuta Natalia nyumbani kwa kaka yake, anapepeta mpunga. Manyanda alipiga magoti, jambo ambalo mwanaume mwenye ng'ombe kama yeye halifanyi kirahisi. Alimwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Akatandika karatasi chini, akaeleza yote: mteremko, zizi, kisima na mtoto. Akamwomba msamaha, akamwomba arudi. Jiko angemjengea yeye mwenyewe.

Natalia aliuweka ungo chini. Aliitazama ramani kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole pale juu.

"Hapa ndipo kwangu?"

"Ndiyo, mayu."

"Mmenichora kama bado nipo."

Manyanda aliushika ukingo wa karatasi usipeperuke.

"Nimekusamehe, mwanangu," Natalia alisema. "Umefiwa, na mimi nimezika watoto. Chukueni maji ya kisima changu, msikiache kiharibike. Lakini Kakese sirudi. Huku usiku nalala."

Aliikunja karatasi vizuri, akamrudishia, akaendelea kupepeta. Manyanda aliinuka, akashika baiskeli yake, akaanza njia ya kurudi.