Jina la Kubebwa Mgongoni

Mtoto wa Nasike alianza kunuka msitu. Hata akishaogeshwa na kupakwa mafuta, utosi wake ulitoa harufu mbichi ya majani yaliyooza. Kisha akaanza kulia, na hakunyamaza.

Pale nyumbani kwao, mtaani Kimumu, mumewe, Kituyi, alimpakata akamwitia majina ya wafu wa ukoo, maana Wabukusu husema mtoto akilia hivyo kuna marehemu anayetaka kurithiwa jina. Majina yakaisha. Kilio kikazidi.

"Na huyu Khabelo alikuwa nani?" Nasike akauliza. "Hilo jina lenu la ukoo sijawahi kulisikia kwa watu wengine."

"Sijui. Hata daddy hakupenda kuulizwa. Jaribu Mzee Walubengo kule Turbo. Ndiye amebaki."

Mzee Walubengo, mdogo wa babu yake Kituyi, alikuwa uani akipukuchua mahindi. Aliposikia swali, alitazama nyuma yake kwanza.

"Sema polepole, mama. Baba yangu alikuwa kibarua wa mzungu kule Kaptagat. Watoto wake walikuwa wanakufa wachanga, mmoja baada ya mwingine. Siku moja akiokota kuni msituni, akasikia mtoto analia na hakuna mtu. Akauliza, 'Wewe nani?' Jini likamtajia jina lake. Likasema, nipe nyumba yako, watoto wako wataishi."

"Akakubali?"

"Wewe ungekataa? Alikuwa amechoka kuchimba makaburi. Ndiyo sisi tukaishi. Lakini alituonya: jina hilo tulibebe mgongoni, lifuate majina yetu. Mtoto asiitwe hilo peke yake. Litaitika. Halina mwili, na linautafuta."

Simu ya Nasike ikalia. Kituyi alikuwa anacheka kwa uchovu. "Amenyamaza! Nimejaribu hilo uliloulizia. Nimemwita Khabelo, akatulia papo hapo!"

Nasike hakukumbuka alivyofika nyumbani. Mtoto alikuwa kitandani, macho wazi, akimtazama jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mgeni, na alipompa titi alifumba midomo akageuza uso, na papo hapo nje, nyuma ya ua, mtoto mchanga akalia, sauti ambayo Nasike angeitambua katikati ya soko, na maziwa yakamtoka yenyewe yakalowesha blauzi hadi kiunoni.

"Kituyi, unasikia?" alinong'ona.

"Nisikie nini? Mtoto si huyu hapa?"

Pasta aliitwa, akakemea mpaka sauti ikakauka. Mtoto alimtazama tu, kwa subira. Nasike akampigia Mzee Walubengo, akimlilia aje alitoe.

"Nikilitoa utabaki na nini, binti yangu?" mzee akasema taratibu. "Mwenye mwili ameshatoka."

Kilio kikaanza kuondoka. Kilisikika kwenye tangi la maji, kisha barabarani, kisha njia ya kuelekea Kaptagat, na siku baada ya siku Nasike alikifuata kwenye mvua bila viatu, akiita, kifua kikimuuma kwa maziwa, na kila alipokikaribia kilikuwa kimetangulia, chembamba zaidi, mpaka jioni moja ukingoni mwa msitu akasimama, akasikiliza, akakuta ni matone tu yanayodondoka kutoka kwenye miti.

Alirudi usiku umeshaingia. Kituyi alikuwa mlangoni amempakata mtoto, uso umejaa furaha.

"Njoo uone, mama yake! Leo ameanza kucheka."

Mtoto akamnyooshea mikono. Nasike akampokea, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kupokea.