Majina ya Waanzilishi

Walikutana kwenye foleni ya duka la kuchapa, watu wamebanana, mashine zinanguruma. Muuguzi alikuwa bado na sare yake nyeupe, karatasi kazikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Dada, hiyo miwani inaona mpaka mfukoni mwangu?" mchapaji alimtania.

"Inaona vidole vyenye wino. Usiniguse."

Tangu hapo akawa Miwani wake, na simu haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Sijala, naandika."

"Basi nisomee."

Naye humsomea historia ya chama chao cha wanawake wasomaji, kilichoanzia jikoni kwa bibi yake: wanawake saba wakisomeana vitabu huku sufuria zinachemka, waume sebuleni wakidhani wanapika tu. Enzi hizo kila mmoja aliitwa mke wa fulani, basi. Muuguzi alizunguka kwa wajukuu na majirani mpaka akapata jina la kila mmoja, lile alilopewa na mama yake. Wote walishafariki isipokuwa Bibi.

"Niachie mimi," mchapaji alisema. "Nitakutolea kijitabu mpaka ulie."

Siku ya sherehe ya chama Bibi aliletwa ukumbini akiwa na gauni la samawati, limepigwa pasi likanyooka. Akafungua ukurasa wa waanzilishi, akapitisha kidole. Mke wa Mwashi. Mke wa Karani. Mke wa Dereva.

"Mjukuu wangu, mimi niko wapi?"

Bibi akakifunga kijitabu taratibu, akaomba arudishwe nyumbani.

Muuguzi akamvuta mchapaji nje.

"Umefanya nini?"

"Nimewapa heshima, Miwani. Watu wazima wale, uwataje majina hadharani kama watoto? Nikaona haipendezi."

"Ulijua nilivyohangaika kuyatafuta."

"Nitachapa upya, basi. Wiki ijayo tu."

"Bibi alikuwa anaisubiri siku ya leo. Si wiki ijayo."

Mchapaji akamshika mkono, sauti imelainika. "Usiiharibu siku, mpenzi. Nina langu la kukuambia."

"Niambie hili kwanza. Ningekuwa mimi kwenye ule ukurasa, ungeniandika nani?"

Mchapaji akatabasamu, akatoa pete mfukoni. Alidhani amefunguliwa mlango.

"Mke wangu."

Muuguzi alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akavikunja vidole vya mpenzi wake juu ya pete, kimoja kimoja, kisha akarudi ndani kukusanya vijitabu, kiti kwa kiti.